Meno ya Panya Nayo ni Historia

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Msemo huu wawafaa wale wanaodhani kwamba taaluma ya visukuku ni ya mafuvu ya binadamu wa kale na mifupa ya ndovu peke yake. Ningependa walimu na wanafunzi wa Pwani yetu, kutoka Kilifi hadi Malindi, wamtafakari mnyama ambaye tumezoea kumtegea mtego tu: panya.

Nashikilia kwamba ni vigumu kupata shahidi bora wa mazingira ya kale kuliko yeye. Ndovu hutoka msituni akaingia mbugani bila taabu. Panya wengi hawawezi. Aina moja hupenda nyasi, nyingine msitu mnene, nyingine nchi kavu. Basi mtaalamu akikuta jino, pengine dogo kuliko punje ya mchele, katika tabaka fulani la udongo, hupata fununu ya mimea iliyokuwapo. Na mkusanyaji wa meno hayo aghalabu ni bundi. Ndege huyu humeza windo lake zima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Pangoni madonge hayo hurundikana karne baada ya karne. Sisi humwita ndege wa uchuro. Kwa mwanasayansi ni karani mwaminifu.

Mkenya mwenzetu, Dkt. Fredrick Kyalo Manthi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ni mfano mwema. Mwaka 2000, huko Ileret karibu na Ziwa Turkana, alivumbua fuvu la Homo erectus lenye umri wa takriban miaka milioni 1.55. Uvumbuzi huo ulitangazwa ulimwenguni mwaka 2007. Hata hivyo, tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cape Town haikuhusu mafuvu ya watu, bali wanyama wadogo wa Kanapoi, walioishi zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita pamoja na Australopithecus anamensis. Kwa mifupa hiyo midogo alitafuta kujua kiumbe huyo aliishi katika nchi ya namna gani.

Nasi hatukunyimwa. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wataalamu wa Makavazi na wenzao wa ng'ambo walifukua kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2021. Tena, uchunguzi wa mifupa kutoka maeneo kadhaa ya Afrika Mashariki, uliochapishwa mwaka 2017, uliunga mkono rai kwamba panya mweusi alifika kutoka Asia baada ya katikati ya milenia ya kwanza B.K. Panya wa darini mwetu, kumbe, ana asili ya abiria wa jahazi asiyelipa nauli!

Linalonitia wasiwasi ni hili. Mapango yetu yamo katika mawe ya chokaa, na mawe hayo hayo ndiyo yatakiwayo kwa ujenzi na saruji. Mchimbaji akigonga fuvu, huenda akashtuka na kupiga ripoti. Akitupa kwa sepetu udongo wenye meno elfu ya panya, nani atajua? Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 yamtaka avumbuaye kitu cha kale atoe habari. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho jicho halijafunzwa kukitambua.

Kwa hiyo natoa wito kwa walimu. Kazi hii haihitaji maabara ya fahari. Okoteni donge la bundi chini ya mti, vaeni glavu, lilowesheni majini, litenganisheni kwa sindano, kisha wanafunzi wahesabu mataya na kulinganisha meno. Mapangoni msichimbe, hiyo ni kazi ya wenye kibali. Mwanafunzi aliyewahi kushika taya la panya na kulisoma hatapita kando ya shimo la mawe akiwa kipofu. Na huenda mmoja wao, kutoka Ganze au Magarini, akawa ndiye mtaalamu atakayetueleza Pwani hii ilikuwaje.