Lori Lililotoka Gereji Likakataa Kuwaka

Lori kuukuu la dizeli likifunguliwa injini na kufungwa upya, kisha likawa linazungushwa starta kila asubuhi hadi betri zichoke, kosa mara nyingi halimo tena katika kile kilichokuwa kimeharibika mwanzo. Limo katika kilichoguswa wakati wa matengenezo. Au limo katika kifaa cha zamani ambacho injini iliyochakaa ilikivumilia, na injini iliyokazwa upya haikivumilii. Kuyatenganisha mambo hayo mawili kunahitaji utaratibu zaidi kuliko vifaa vya bei.

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, lori lisilowaka ni hasara ya siku hiyo hiyo. Majani mabichi huanza kunyauka tangu yachumwe, na yakikaa yamerundikana hupata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya shirika la chai la KTDA, kama Litein, Kapkatet na Momul upande wa Kericho, au Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek upande wa Bomet, hutegemea malori yanayopita vituo vya kununulia majani. Kando ya hayo yapo malori ya watu binafsi, Isuzu na Fuso za miaka mingi, yanayobeba kuni za boila, mchanga, mbolea na mahindi. Haya ndiyo hufunguliwa injini mara kwa mara, kwa sababu mwenyewe hawezi kununua jingine.

Mahali penyewe pana mchango wake. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mara 17 hivi au zaidi, ikapata joto linaloweza kupita digrii 500, ndipo dizeli inaponyunyizwa na kuwaka yenyewe. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Alfajiri baridi hushuka hadi digrii 10 hivi. Silinda inaanza na hewa haba, tena baridi, na chuma kinachoizunguka kinanyonya joto kabla dizeli haijafika. Kwa sababu hiyo geji ya kompresheni ikipachikwa Kericho husoma pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na usomaji wa usawa wa bahari. Fundi anayelinganisha na kitabu bila kuzingatia hilo atazilaumu ringi mpya zisizo na kosa.

Uchunguzi unaanzia kwenye ekzosi, kabla ya spana yoyote kushikwa. Starta ikizungushwa na moshi usitoke hata kidogo, dizeli haiingii kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe mzito unaochoma macho, dizeli inaingia lakini haiungui: joto halitoshi, au inanyunyizwa kwa wakati usio wake. Moshi mweusi ni dalili ya dizeli nyingi kuliko hewa, na mara nyingine chanzo chake ni tambara lililozibia njia ya hewa wakati injini iko wazi, kisha likasahaulika humo. Jambo hilo linatokea zaidi ya mafundi wanavyopenda kukiri.

Kisha kasi ya starta. Injini nyingi za malori ya ukubwa wa kati zinataka krenki izunguke mara 150 hadi 200 kwa dakika ndipo ziwake bila shida. Ikizunguka polepole, hewa inavuja kupita ringi na joto linapotea, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Injini iliyowekwa ringi na bearingi mpya ni nzito kuzungusha kuliko ile ya zamani, na betri zilizokaa gereji wiki kadhaa bila chaji zimedhoofika. Starta ile ile iliyotosha kabla ya ovahoo sasa haitoshi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6, na starta inapozunguka, kila moja isishuke sana chini ya 9.6.

Betri zikiwa nzima na starta bado ni nzito, uangaliwe waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesi. Injini iliposhushwa ulifunguliwa, na iliporudishwa ulifungwa juu ya rangi mpya au kutu, au haukufungwa kabisa. Kipimo chake ni rahisi: ncha moja ya mita iguse kichwa hasi cha betri, ya pili iguse chuma kitupu cha injini, kisha starta izungushwe. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Kusugua mahali pale kwa msasa na kukaza nati kumewahi kuokoa bei ya starta nzima. Kwenye malori madogo yenye hita plagi, ukanda mwembamba wa chuma unaoziunganisha nao ukaguliwe, kwa kuwa hulegea silinda hedi inapovuliwa, na plagi iliyokufa haipitishi umeme kabisa.

Upande wa dizeli ndio wenye lawama nyingi baada ya matengenezo. La kwanza ni kizimio. Kebo iliyorudishwa vibaya huiacha pampu katika hali ya kuzima, na pampu inayozimwa kwa umeme hutoa mlio mdogo ufunguo unapowashwa. Pasipo mlio, waya wake haukuunganishwa. La pili, na la kawaida zaidi, ni hewa. Pampu ya dizeli haisukumi hewa kama inavyosukuma mafuta, kwa hiyo povu dogo linatosha kuzima silinda. Hewa huingia upande wa kuvuta, kati ya tangi na pampu, mahali ambapo dizeli haivuji nje, na ndiyo maana jicho halioni kitu. Washa za shaba kwenye boliti za paipu zikishakazwa mara moja hugandamizwa. Zikirudishwa bila kubadilishwa, lori huwaka vizuri jioni lakini dizeli hurudi tangini usiku. Dalili yake inatambulika haraka katika nchi ya vilima: lori likilala limeelekeza kichwa mteremkoni linawaka, likilala limeelekea juu linakataa.

Ushahidi unapatikana kwa mpira mwangavu. Kipande cha urefu wa shubiri moja kinaunganishwa kabla ya pampu, lori linalala hivyo, na asubuhi mapovu yanaonekana yakipita dizeli inapovutwa. Njia nyingine ni kuweka jerikeni la dizeli safi juu ya bampa au mahali palipoinuka kuliko pampu, na kulisha pampu moja kwa moja. Injini ikiwaka mara moja, pampu na kompresheni zimeachiliwa. Kosa liko kwenye paipu, kichujio au tangi. Jaribio hili linaondoa mashaka mengi kuliko jingine lolote, na gharama yake ni jerikeni na mpira. Pia linaweza kuibua shaka kwamba dizeli ya tangini si safi, kwa mfano imechanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji huo ulienea Kenya hata serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018.

Dizeli ikifika bila hewa na moshi mweupe ukaendelea, macho yarudi kwenye kazi ya fundi juu ya silinda. Valvu zilizobanwa bila nafasi haziketi sawasawa, na kompresheni inatoroka. Nafasi hiyo hupimwa kwa fila geji injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha mtengenezaji. Gasketi ya silinda hedi nayo si ya kununua kwa kukisia. Kwa injini kadhaa za Isuzu inauzwa kwa unene tofauti, kutegemea pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Nene kupita kiasi inapunguza kompresheni ya silinda zote kwa pamoja, na lori linakuwa gumu kila asubuhi huku likienda vizuri likishapata moto. Nozo iliyowekewa washa mbili, ya zamani ikiwa imebaki chini ya mpya, inanyunyiza mahali pasipo pake.

Geji ya kompresheni isomwe kwa kulinganisha silinda na silinda. Nne zinazokaribiana, hata kama zote ziko chini kidogo, ni afadhali kuliko tatu nzuri na moja iliyoanguka. Iliyoanguka itiwe hewa ya kompresa valvu zikiwa zimefungwa, na masikio yafuate sauti: ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, ikisikika ekzosi ni valvu, na mapovu kwenye rejeta yanaishuhudia gasketi au hedi iliyopasuka.

Hatimaye taimingi. Gia ya pampu ikiruka jino moja kati ya meno 60, unyunyizaji unahama kwa digrii 12 za krenki, na hiyo inatosha lori lisiwake kabisa au liwake kwa kishindo. Alama za gia ziangaliwe upya, si kwa kumbukumbu ya aliyezifunga.

Lori linalowaka likiwa baridi na kukataa likiwa moto ni kesi nyingine. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi na kuvuja ndani ya pampu iliyochakaa. Tambara lililolowekwa maji hufunikwa juu ya pampu kwa dakika chache. Injini ikiwaka baada ya hapo, pampu imejihukumu yenyewe, na hapo ndipo inapostahili kupelekwa kwa fundi wa pampu.

Yapo ya kuepukwa. Tambara la petroli au sprei ya etha kwenye njia ya hewa huweza kulipuka hita plagi zikiwa moto, na hupasua ringi na pistoni. Mkono usiwekwe mbele ya dizeli inayotoka kwenye nozo, kwani mchirizi wake hupenya ngozi na jeraha hilo ni la hospitali hata likionekana dogo. Kuachia lori mteremkoni ili liwake hakuponyi kitu, na katika barabara za majani chai zenye utelezi, lori lenye breki za upepo ambalo injini yake haijajaza tangi la hewa halina breki za kutegemewa.

Mwenye lori anayelipia ovahoo adai arudishiwe vipande vya zamani, pamoja na karatasi yenye vipimo vya kompresheni, nafasi za valvu na unene wa gasketi, kabla ya kulipa shilingi ya mwisho.