Kungoja Kazeh: Barazani, Iwanzani na Kambini

Msafiri anayebadilisha ndege Dar es Salaam au Nairobi huuona ule mlango wa ukumbi wa abiria maalumu: ndani kuna makochi, chakula na utulivu, nje kuna viti vya chuma na mikoba miguuni. American Airlines ilifungua ukumbi wake wa kwanza wa namna hii mwaka 1939, katika uwanja wa LaGuardia, New York. Tabora, kazi ya kumtunza msafiri anayengoja ilikuwa imekomaa miaka themanini kabla ya hapo, na mgawanyo wa nani aingie na nani abaki nje ulikuwa mkali kuliko wa leo.

Kazeh, mtaa wa wafanyabiashara Waarabu uliokuja kuwa sehemu ya Tabora, ulikuwa kituo cha kubadilishia. Msafara uliotoka pwani ulivunjika hapo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Wakifika Unyamwezi wamefika kwao, wanatua mizigo na kwenda kuwaona wake na watoto. Mwenye msafara aliyetaka kwenda Ujiji ilimbidi aajiri watu wapya, na mvua zikishaanza kila mtu yuko shambani. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika tarehe 7 Novemba 1857, majira ya kulima yenyewe, wakakwama zaidi ya mwezi mmoja.

Aliyewapokea ni Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman. Aliwapa nyumba, akawatafutia wapagazi, akawatunzia mali na kuwaeleza habari za njia na za watu wa bara, bila kuwadai malipo. Ndiyo maana ya baraza ya Kazeh: mtu alikula vizuri, lakini kubwa zaidi ni kwamba alipata habari na dhamana ya mtu anayejulikana. Sijui ukumbi wa leo unaotoa hivyo viwili.

Chakula nacho hakikuwa haba. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipoingia Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, mwezi Juni 1871, sinia zilimfuata kwenye tembe aliyopewa: wali na mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga, malimau, kisha wakaletwa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Tembe yenyewe ilikuwa na kuta nene za udongo na paa bapa, vyumba vikizunguka ua, na ukumbi wa mbele wa kupokelea wageni. Jua la Unyamwezi la saa nane mchana halikupenya kuta zile.

Lakini ukarimu huo ulikuwa na mlipaji. Utajiri wa Kazeh ulitokana na pembe za ndovu na watu waliouzwa, na waliopita mjini wakiwa wamefungwa minyororo hawakukaribishwa barazani. Mpagazi huru naye alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, akalala kambini nyuma ya boma la miiba na kula posho yake ya nafaka, kibaba kwa siku. Ngoja ikirefuka, posho ndiyo ilikuwa ya kwanza kupunguzwa.

Kati ya baraza na kambi kulikuwa na mahali ambapo mimi napaweka juu ya vyote viwili: iwanza, nyumba ya pamoja ya wanaume katika kijiji cha Kinyamwezi. Moto uliwaka ndani, wenyeji walikaa kuzungumza na kufanya kazi za mikono, na mgeni alipokelewa humo. Haikuhitaji barua ya kumtambulisha wala rafiki wa Unguja. Ilikuwa na moshi na wadudu, na wageni Wazungu walilalamika sana. Lakini mpagazi alikaa humo bila kuulizwa ni wa nani.

Aliyengoja kwa uchungu kuliko wote alikuwa mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Stanley alimwacha Kwihara tarehe 14 Machi 1872, akiahidi kumtumia wapagazi kutoka Unguja. Mzee akabaki na tembe nzuri, akaandika, akatengeneza jibini za safari, akapiga hesabu za siku ambazo watu wale wangechukua njiani. Aliondoka tarehe 25 Agosti, zaidi ya miezi mitano baadaye. Alikuwa na paa, chakula na majirani wema, na bado hakuweza kusogea hatua moja mpaka mabega ya watu wengine yafike. Mwaka uliofuata wenzake, akina Chuma na Susi, walirudi Kwihara wakiwa wamebeba maiti yake.

Tembe hiyo ilijengwa upya na leo ni makumbusho. Wageni huonyeshwa vyumba ambamo Livingstone na Stanley walikaa. Ningependa uani pajengwe pia kambi ya wapagazi, yenye boma la miiba, mafiga na mzigo wa frasila mbili ambao mgeni anaruhusiwa kujaribu kuuinua.