Simu Janja: Soko la Matajiri Limejaa, Sasa Zamu Yetu

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani, katika mikutano ya matawi jambo linaloulizwa mara kwa mara, ukiacha mshahara, ni simu. Wenzetu wanataka kujua kama mkopo wa simu ni msaada au ni mtego. Ili tujibu vema, yatupasa kwanza tujue biashara hii inaelekea wapi.

Simu ya iPhone ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2007. Kishikwambi cha iPad, kile chombo bapa kipana kama daftari, kikafuata mwaka 2010. Kwa miaka michache wenye viwanda walivuna bila kupumzika. Lakini kila shamba lina mwisho wa mavuno. Vishikwambi vilifika kileleni mwaka 2014, vilipouzwa kiasi cha milioni 230 duniani. Mwaka 2023 vilikuwa vimeshuka hadi karibu milioni 130. Sababu moja ni kwamba simu zenyewe zilipanuka vioo, watu wakaona hawana haja ya vyombo viwili. Simu janja nazo zilifika kileleni mwaka 2016, karibu milioni 1,470. Mwaka 2023 ziliuzwa chini ya milioni 1,200. Mwaka 2024 zilipanda kidogo, ila hazikufika pale zilipokuwa.

Katika nchi za matajiri karibu kila anayetaka simu anayo, na ya mwaka huu haina tofauti kubwa na ya mwaka jana. Kwa hiyo mtu hukaa na simu yake miaka mitatu au minne. Mfanyabiashara akiona wateja wake wameshiba, huwatafuta wasiokula bado. Wasiokula bado ni sisi.

Ndiyo maana Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni moja ya Shenzhen nchini China, zimejaa katika maduka ya Afrika. Ndiyo maana pia viwanda vya simu vilifunguliwa Kigali na Namanve karibu na Kampala mwaka 2019, na Athi River nchini Kenya mwaka 2023. Ajira hizo twazipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, kuunganisha simu ni hatua ya mwisho tu. Chipu na vioo hutoka nje, na bei yake hupangwa huko huko. Mwishoni mwa mwaka 2025 chipu za kumbukumbu zilipanda bei sana, kwa kuwa watengenezaji waliwapendelea wanunuzi wakubwa wa kompyuta za akili bandia. Mzigo wa namna hiyo huielemea zaidi simu ya bei rahisi, yaani simu ya kabwela.

Bei ikipanda na mshahara ukikaa pale pale, huja mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kila siku. Tufanye hesabu ya mfano. Simu ya taslimu ni shilingi 300,000. Kwa mkopo unatoa kianzio 60,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Malipo ya siku peke yake ni 547,500. Ukijumlisha kianzio umelipa 607,500. Umenunua simu mbili, umepewa moja.

Tena ndani ya simu hiyo mkopeshaji ameweka kufuli. Usipolipa, anaifunga akiwa ofisini kwake. Mama mmoja mchuma chai katika tawi mojawapo ninalolitembelea alicheleweshewa mshahara majuma mawili. Kosa halikuwa lake. Simu ikafungwa. Mshahara ulipofika kwa njia ya simu, ilimbidi aazime simu ya jirani, atie laini yake humo, ndipo atoe fedha. Mwajiri aliyechelewesha hakutozwa kitu. Aliyeadhibiwa ni mchuma chai.

Upande wa pili kuna habari njema, nayo ni sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya na vishikwambi vipya vinatakiwa kuwa na betri inayobakiza walau asilimia 80 ya nguvu zake baada ya kuchajiwa mara 800. Vipuri lazima vipatikane miaka saba baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa, na programu ziendelee kufanywa upya kwa miaka isiyopungua mitano. Basi tusidanganywe kwamba simu kufa mapema ni maumbile yake. Inaweza kutengenezwa ikadumu, ila wenye viwanda walingoja kulazimishwa. Mtu wa Kericho au Fort Portal, ambaye simu humgharimu sehemu kubwa ya kipato chake, anahitaji ulinzi huo kuliko mtu wa Paris.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kutia sahihi uliza mambo manne. Jumla ya fedha nitakazolipa hadi mwisho ni ngapi? Nikikosa siku moja, simu inafungwa baada ya muda gani? Nikimaliza deni, kufuli linaondolewa lini? Betri na kioo vinapatikana kwa fundi wa hapa kwetu? Muuzaji asipojibu wazi, rudi nyumbani na fedha zako. Simu iliyotumika, ukiikagua pamoja na fundi unayemwamini na kupewa risiti, yaweza kukufaa kuliko mpya ya deni.

Na viongozi wa matawi walipeleke jambo hili kwenye meza ya majadiliano. Mwajiri anayelipa mishahara kwa simu akichelewesha, atoe barua ya kuthibitisha hivyo ili mkopeshaji asifunge simu ya mfanyakazi, na adhabu ikiwapo ailipe yeye. Mfanyakazi mmoja akienda dukani kuomba hayo atachekwa. Tawi zima likienda na mkataba mkononi, litasikilizwa.