Adabu ya Kupanda na Kushuka: Ziara za Wahindu Milimani, Zikitazamwa kutoka Kanyaruchinya

Mtu aliyekulia Kanyaruchinya, kilomita chache kaskazini ya mji wa Goma, katika sheferi ya Bukumu, hahitaji mwalimu wa kumfundisha kwamba mlima ni jirani mwenye amri. Kwani kila alfajiri, kabla hajauliza habari za barabara ya Rutshuru wala bei ya makaa, humwelekezea macho Nyiragongo, akatazama kama kilele chake, chenye kimo cha mita 3,470, kimefunikwa na wingu au ki wazi, na usiku huona wekundu wa moto wake umepaka mawingu rangi, akalala akijua kwamba nyumba yake imesimama juu ya makoro, yale mawe meusi yenye vitundu ambayo zamani yalikuwa uji wa moto. Ndiyo sababu nimeona kwamba habari za Wahindu wanaofunga safari kuizuru miji yao mitakatifu katika milima ya Himalaya, ambazo kwa msomaji wa nchi tambarare zaweza kuwa mambo ya ajabu ya watu wa mbali, zina maneno mengi ya kutuambia sisi wa huku, na hasa katika jambo moja ambalo wao wamelifanya kuwa desturi na sisi bado: kushuka mlimani kwa utaratibu, kabla mlima haujaamuru.

Wahindu wenyewe si wageni wa nchi zetu. Pwani waliitwa Mabaniani, na katika Unguja ya karne ya 19 forodha ya Sultani ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ambayo Ladha Damji aliisimamia kwa miaka mingi. Na kwa kuwa wengi wao waliona kuvuka bahari ni jambo la kumtia mtu najisi, walikaa Unguja bila wake zao, na aliyerejea kwao alitarajiwa kujitakasa kabla ya kula pamoja na jamaa zake. Huku Goma tuliwajua zaidi kwa sare za askari, maana vikosi vya India katika jeshi la Umoja wa Mataifa vilipiga kambi mjini kwa miaka mingi, vikiwa na hospitali yao. Nasema haya ili ifahamike kwamba kwa watu hawa safari, tangu zamani, haikuwa suala la nauli peke yake, bali ni jambo linalogusa twahara ya mtu na nafasi yake mbele ya jamaa zake.

Nasi pia tulikuwa na elimu yetu ya milima. Katika itikadi ya kubandwa, iliyoenea Rwanda na pande hizi za kwetu kabla ya misheni kuweka mizizi, ilisemekana kwamba Ryangombe, bwana wa pepo, aliyeuawa na nyati alipokuwa akiwinda, amefanya makao yake katika mlima Karisimbi, na ya kuwa walioingizwa katika siri yake humwendea huko baada ya kufa, wakastarehe pamoja naye, ilhali wasioingizwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Mti wa umuko, wenye maua mekundu, uliheshimiwa kwa ajili yake, kwani ndipo alipoangukia. Leo watu wengi wa Kanyaruchinya ni Wakristo, na mtu ukimuuliza habari hizi hadharani atatabasamu na kuzihamishia kwa babu yake. Lakini mgawanyo ule, mlima mmoja wa raha na mwingine wa adhabu, ungali katika mazungumzo ya wazee, na ni dhahiri kwamba waliotunga itikadi hiyo waliijua vizuri tabia ya kila mlima.

Sasa tuigeukie Himalaya. Katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini ya India, kuna miji minne ambayo Mhindu mcha Mungu hutamani aizuru yote kabla ya kufa: Yamunotri, kunakoheshimiwa chimbuko la mto Yamuna, Gangotri, kunakoheshimiwa kushuka kwa Ganga, Kedarnath, makao ya Shiva, na Badrinath, makao ya Vishnu. Yote iko juu ya mita 3,000, na Kedarnath, iliyo juu kupita zote, inakaribia mita 3,600, yaani ipo juu kuliko mdomo wa kreta yetu. Utaratibu wa ziara ni kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa mfuatano huohuo nilioutaja, na aghalabu msafiri huanzia Haridwar au Rishikesh, pale Ganga inapotoka milimani na kuingia nchi tambarare.

Mwenye kupanga safari hiyo haanzi na kununua tikiti. Kwanza hutia nia, kwa maneno yanayotamkwa mbele ya kuhani au mbele ya madhabahu ya nyumbani, na nia ikishatamkwa huwa deni. Kisha huulizwa mjuzi wa nyota ni siku gani na saa gani njema ya kutoka. Kisha huombwa radhi za wazazi, hulipwa madeni yanayolipika, hutolewa sadaka, na wengi huacha nyama, pombe, na hata vitunguu na thumu, kwa muda wote wa ziara. Mzee ambaye miguu imemkataa hakosi kusimuliwa kisa cha Shravan, kijana wa katika utenzi wa Ramayana aliyewabeba wazazi wake vipofu katika vikapu viwili vilivyoning'inia kwenye mti wa begani, akawazungusha mahali patakatifu; na kwa sababu ya kisa hicho, mtoto anayewalipia wazazi wake ziara huhesabiwa kuwa ametimiza wajibu mkubwa kuliko aliyewajengea nyumba.

Haridwar ina jambo moja ambalo ningependa msomaji alitafakari kidogo. Karibu na ngazi za mto, ambako kila magharibi taa huzungushwa na vijibakuli vya majani vyenye maua na utambi huachiliwa juu ya maji, wamo makuhani waitwao panda, na kila ukoo wa panda umekabidhiwa koo fulani za wazuru, kwa nchi zao na vijiji vyao. Panda hukuuliza jina la kijiji cha mababu zako, si jina lako. Halafu huenda kabatini akatoa daftari refu, jembamba, lililokunjwa na kufungwa kwa kamba, akalifungua magotini, akapitisha kidole kwenye mistari ya wino uliofifia mpaka akufikishe kwa babu wa babu yako, siku aliyokuja, aliyefuatana naye, na kilichomleta, aghalabu majivu ya maiti. Kisha hukuandika wewe chini yake, pamoja na watoto wako, hata wale waliozaliwa Kampala au Leicester. Kwa familia ambayo mwaka 1972 ilifukuzwa Uganda kwa amri ya Idi Amin na kupoteza duka, nyumba na makaratasi, kukuta jina la babu limehifadhiwa katika daftari la kuhani si jambo dogo. Huku kwetu, ambako vijiji vimechomwa na madaftari ya sheferi yamepotea katika vita, ningetoa thamani kubwa kwa panda mmoja wa Bukumu.

Huko juu ziara hubadilika sura. Kwenda Kedarnath, gari hukomea karibu na Gaurikund, na baada ya hapo kuna mwendo wa mguu wa kilomita zipatazo 16 au zaidi, kupanda tu, katika hewa nyepesi inayomkata pumzi hata kijana. Wenye fedha hukodi nyumbu, au machela yenye wabebaji wanne, au huketi ndani ya kikapu kinachobebwa mgongoni na mtu mmoja, kwa namna ambayo mama zetu wa Kivu, wanaoteremsha viazi na makaa kwa ukanda uliopitishwa kwenye paji la uso, wangeielewa bila kuelezwa. Siku hizi zipo helikopta pia, na sina haki ya kumlaumu bibi wa miaka 80 anayeipanda. Ila kijana mzima anayeshushwa mlangoni mwa hekalu, akapiga picha na kuondoka kabla ya chakula cha mchana, naona kwamba amefika mahali bila ya kufanya ziara.

Yamunotri ipo chemchemi iitwayo Surya Kund, ambayo maji yake huchemka kwa moto wa ardhini, na wazuru hufunga mchele na viazi katika kitambaa cha bafta, wakavitumbukiza, wakangoja mpaka viive, kisha wakavitoa mbele ya mungu na kurudi navyo nyumbani kama baraka. Badrinath nayo ina birika la maji ya moto ambamo mtu huoga kabla ya kuingia hekaluni, huku theluji ikionekana juu ya vichwa. Na kando ya mto hapo pana jukwaa liitwalo Brahma Kapal, ambako watu huwatolea marehemu wao vidonge vya wali, wakiamini kwamba wafu wa ukoo hupata raha kwa tendo hilo. Wazee walioamini kwamba jamaa zao wamo Karisimbi wasingeshangaa.

Lakini jambo lenyewe ninalolitaka ni kalenda. Mahekalu haya manne hufunguliwa katika majira ya kuchipua, kati ya Aprili na Mei, na hufungwa baada ya sikukuu ya Diwali, Oktoba au Novemba. Na siku ya kufunga, kabla theluji haijaziba njia, sanamu ya ibada hutolewa, ikapandishwa machelani, ikashushwa kwa ngoma na baragumu mpaka mji wa chini: mungu wa Kedarnath hukaa Ukhimath, wa Gangotri huenda Mukhba, wa Yamunotri huenda Kharsali, na kiti cha Badrinath huhamia Joshimath. Watu nao hushuka pamoja naye, wenye maduka, wapishi na makuhani, na mji wa juu hubaki kwa theluji. Hakuna anayeona aibu katika kushuka huko, wala hakuna anayesema mungu amekimbia, kwa kuwa kushuka ni sehemu ya ibada kama kupanda.

Sisi tumeshuka mara nyingi, ila hatukuwahi kushuka hivyo. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lilipasua mbavu za mlima na kumwagika kwa muda usiozidi saa moja, likawakuta watu njiani na mashambani. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita Munigi ukaingia katikati ya Goma mpaka ziwani, ukaliteketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ulirudi, ukaikata barabara ya Rutshuru, ukasimama karibu na uwanja wa ndege katika upande wa Buhene. Na siku tano baadaye, ardhi ikitetemeka na kupasuka, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, nasi tukaona umati wa watu kwenye njia ya Sake, magodoro vichwani, chukudu, yale magari yetu ya mbao ya kusukuma, zimepakia masufuria na watoto, kila mtu akimtafuta mwenzake. Sizungumzii hapa zile hijra nyingine, za mwaka 2012 na za kuanzia 2022, ambapo Kanyaruchinya yenyewe ilijaa maturubai ya waliokimbia vita vya Rutshuru. Hizo hazikuamriwa na mlima.

Haifai kudhani kwamba kalenda imewakinga Wahindu na kila balaa. Katikati ya Juni 2013, majira ya ziara yakiwa yamepamba moto, mvua kubwa ilibomoa kingo za ziwa la barafu juu ya Kedarnath, na gharika ikafagia mji na njia, ikaua maelfu. Hekalu lenyewe likasimama, kwa kuwa jiwe kubwa lililosukumwa na maji lilikwama nyuma yake na kuyagawa. Na Januari 2023 nyumba za Joshimath, mji uleule unaopokea kiti cha Badrinath, zilianza kupasuka kuta kwa mamia kwa kuwa ardhi yake inazama. Wataalamu wengi wanalaumu ujenzi wa haraka, barabara na mahandaki ya umeme, nami nawaamini: mlima ulioachiwa majira yake ya kupumzika umeanza kufanyiwa kazi mwaka mzima.

Basi msomaji wa Goma atakayetaka kwenda kuyaona haya, awe Mhindu au mtafuta elimu tu, na apange hivi. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, njia ni kuvuka mpaka kwenda Gisenyi na Kigali, kisha kupitia Nairobi au Addis Ababa hadi Delhi, na kutoka hapo Haridwar kwa treni. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano lazima kiwe kimepatikana angalau siku kumi kabla ya kuingia India, kwani asiye nacho anayetoka Kongo huwekwa karantini. Mzuru hujiandikisha kwa serikali ya Uttarakhand kabla ya kupanda. Asichague Julai wala Agosti, miezi ya mvua na maporomoko; Mei, Juni ya mwanzo na Septemba ni afadhali. Alale usiku mmoja au zaidi katikati ya njia ili mwili uzoee hewa, hata kama amekwisha kupanda Nyiragongo kutoka Kibati. Ngozi na viatu vibaki nje ya hekalu, na asiye wa dini hiyo aulize mlangoni kabla ya kuingia, kwa kuwa hekalu na hekalu lina sharti lake. Na akichelewa mpaka Diwali ipite, asijisumbue kwenda Kedarnath: aende Ukhimath, ambako ibada yake huendelea mpaka majira yafunguke tena.