Tarumbeta Katika Nyumba ya Wapangaji

Mama mmoja akaaye Manzese, katika jiji la Dar es Salaam, alitujia na shauri lake, nasi twaona yafaa kulijibu hapa, maana si lake peke yake. Mwanawe, kijana wa miaka 13, amechaguliwa kuingia katika bendi ya shule, akakabidhiwa tarumbeta aende nayo nyumbani. Mwalimu amemwambia wazi kwamba asiyejizoeza atanyang'anywa chombo, apewe mwingine, kwa kuwa vyombo ni vichache na watoto ni wengi. Lakini jioni ya kwanza alipoipuliza, mpangaji wa chumba cha pili aligonga ukuta. Jioni ya pili, mwenye nyumba aliitwa. Basi mama ana hofu mbili. Akimkataza mtoto, atamvunja moyo. Asipomkataza, huenda wakaambiwa watafute chumba kwingine. Afanyeje?

Waijuao Manzese hawatashangaa. Nyumba zimesongamana kando ya barabara ya Morogoro, na nyingi ni za mtindo ule ule: ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na kila chumba kina watu wake. Pasipo dari, sauti hupita juu ya kuta, chini ya bati, hata asemaye polepole husikiwa na wa chumba cha mwisho. Sembuse tarumbeta!

Jibu letu, mama, ni hili: usimkataze, wala usimwache apulize apendavyo. Twataka kukuonyesha kwamba jambo limfaalo mtoto na jambo wanalolitaka majirani si mbali kama uonavyo.

Kwanza yakupasa kukijua chombo chenyewe. Tarumbeta ni mrija wa shaba uliokunjwa. Kama ungenyoshwa, urefu wake ungekaribia mita moja na nusu. Sauti huanza katika midomo ya mpigaji, inayotetemeka kwa pumzi. Mrija huikuza tu. Vile vibonyezo vitatu vya juu, ambavyo vilibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 19, kazi yake ni kurefusha njia ya pumzi ili sauti ishuke. Vidole hujifunza upesi. Midomo ndiyo ikawiayo, maana ni misuli, na misuli huchoka. Mtoto apulizaye saa nzima bila kupumzika hujiumiza midomo, na sauti yake huzidi kuharibika kadiri aendeleavyo. Bali apulize dakika 10, apumzike kiasi hicho hicho, kisha apulize 10 tena, na afanye hivyo kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika 20 za kila siku zitamfaa kuliko saa tatu za Jumamosi moja, na jirani ataweza kuzivumilia.

Pili, si mazoezi yote yenye kelele. Kile kipande kidogo kitiwacho midomoni hutolewa katika tarumbeta, na mtoto aweza kukipuliza peke yake. Sauti yake ni ndogo kama ya nyuki, nayo yaimarisha midomo. Tena aweza kushika tarumbeta bila kuipuliza, akabonyeza vidole huku akiimba wimbo moyoni, au akihesabu mapigo kwa mguu. Hayo yafanyike hata usiku, wala hapana atakayeamka. Zipo pia zana za kuziba mdomo mpana wa mbele ili sauti ipungue. Asiyekuwa nayo aweza kuutia ndani kanga iliyokunjwa kwa ulegevu. Lakini asizoee kupiga hivyo siku zote, maana pumzi hupata kizuizi na sauti hubadilika. Siku ya gwaride hapana kanga.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, waendee majirani kabla tarumbeta haijalia tena. Usimtume mtoto peke yake. Nenda naye, mbishe hodi chumba kwa chumba, aseme mwenyewe kwa adabu kwamba amepewa kazi na shule, tena aombe radhi kwa jioni zile mbili. Kisha uliza: ni nani alindaye usiku na kulala mchana? Ni nani mwenye mtoto mchanga? Ni nani mgonjwa? Ukiyajua hayo, chagueni saa pamoja. Saa 11 jioni yafaa katika nyumba nyingi, kwa kuwa sala ya alasiri imekwisha na ya magharibi haijafika, na barabara yenyewe ina makelele yake. Ikiwa pana msiba jirani, tarumbeta ikae sandukuni mpaka matanga yaishe, hata kama hakuna aliyesema neno. Mtu aliyeombwa shauri huvumilia mengi. Aliyeshtushwa hukasirika kwa machache.

Nne, ikiwa hata hivyo nyumba haiwezekani, tafuta mahali pengine. Huko Korogocho, mtaa wa watu wengi na vyumba vidogo katika Nairobi, ulianzishwa mwaka 2008 mpango uitwao Ghetto Classics, na Elizabeth Njoroge ndiye aliyeuanzisha. Watoto wa mtaa ule hukusanyika katika uwanja wa kanisa, hujifunza fidla, filimbi na matarumbeta, na wengine wamefika kupiga mbele ya makutano makubwa. Hakuna aliyewangoja wapate kwanza nyumba za fahari. Basi nawe umwulize mwalimu kama mtoto aweza kubaki shuleni nusu saa baada ya masomo, au uwaombe wazee wa kanisa wamruhusu kutumia ukumbi siku ambazo ni mtupu.

Na sasa neno kwa yule jirani aliyegonga ukuta. Ndugu, haki yako ya kulala twaikubali. Lakini kumbuka kwamba pwani yetu imependa vyombo hivi tangu zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 ilianza ngoma ya beni, ambayo jina lake latokana na neno lile lile la bendi. Vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa gwaride na mavazi, na baada ya vita ya 1914 hadi 1918 ngoma hiyo ilienea mpaka bara. Hata leo, katika Dar es Salaam, watu hukodi matarumbeta kumsindikiza bibi harusi, na mtaa mzima hutoka nje kucheza. Je, wapigaji wale walizaliwa wakijua? Kila mmoja wao alikuwa na miezi yake ya kukosea, na palikuwa na nyumba iliyomvumilia. Tukiitaka tarumbeta ya arusi, hatuna budi kuisikia kidogo tarumbeta ya mwanafunzi.

Mama, yabaki machache. Mtoto aoshe mikono na kinywa kabla ya kupiga, amwage maji ya pumzi yaliyokusanyika ndani, afute shaba kwa kitambaa kikavu, wala vibonyezo asivitie mafuta ya kupikia, maana vitanata. Aombe shuleni mafuta yake hasa. Chombo si chake, chatarajiwa na mwingine baada yake. Nawe, umsikiapo akirudia mstari ule ule mara ishirini, usidhani anacheza. Kurudia ndiko kujifunza kwenyewe. Keti barazani karibu naye mara moja moja, umsikilize. Na saa mliyopatana na majirani ikiisha, mwambie aiweke chini hata kama amebakiza kidogo, ili kesho mlango wa jirani uwe wazi kwenu bado.