Kusoma huku ukifanya kazi: Hesabu ya saa inayowashinda wanafunzi wengi

WAHENGA walisema mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo, katika mitaa inayokizunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia Changanyikeni hadi Sinza na Ubungo, wapo vijana ambao hawana budi kushika mbili kila siku: daftari la mhadhara mkono mmoja, na ufunguo wa kibanda cha uwakala wa fedha mkono wa pili. Wengine hufundisha masomo ya ziada jioni, wengine hukaa nyuma ya mashine ya kurudufu katika steshenari, na wengine huendesha bodaboda hadi usiku wa manane ilhali saa 1 asubuhi wana kipindi Mlimani.

Wazee waliosoma chuoni hapo miaka ya 1970 huwatazama vijana hawa kwa mshangao, na si ajabu kusikia mzazi akimkaripia mwanawe kwamba kilichompeleka chuo ni kitabu, si biashara. Mzazi huyo husahau jambo moja. Wakati wake, Serikali ilibeba gharama karibu zote. Mwanafunzi alilala bwenini, akala katika bwalo la chuo na kupewa fedha kidogo za matumizi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu, yaani kazi na masomo vilipangwa kufuatana, si kubebwa kwa pamoja. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipoanza sera ya kuchangia gharama, na yakapata sura yake ya sasa baada ya Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi Julai 2005.

Tangu hapo fedha ya kujikimu ni mkopo. Wanafunzi huiita “bumu”. Kiwango chake cha juu kilikuwa Sh 8,500 kwa siku hadi kilipopandishwa kuwa Sh 10,000 katika mwaka wa masomo 2022/23. Kwa mwezi hiyo ni Sh 300,000, ambayo si haba kwa macho ya mtu wa kijijini. Tatizo lipo katika namna fedha hiyo inavyokuja na inavyotoka. Huja kwa awamu. Tuseme awamu moja ni ya siku 60; mwanafunzi atapokea Sh 600,000 kwa mkupuo, naye mwenye nyumba wa Sinza hataki kodi ya mwezi mmoja bali ya miezi mitatu au sita. Kodi ikishalipwa, kinachobaki ndicho cha chakula, nauli, kurudufu vitini na vifurushi vya intaneti. Wiki ya tano “bumu” limekata, na awamu ijayo haijulikani itaingia lini hasa. Hosteli zilizojengwa Mlimani na kufunguliwa Aprili 2017, zenye nafasi ya wanafunzi 3,840, ziliwapunguzia wengi mzigo huo wa kodi, lakini wanaobaki nje ya uzio wa chuo bado ni wengi.

Hao ni wale waliopata mkopo. Wapo waliopata sehemu tu ya walichoomba, na wapo waliokosa kabisa. Kwa kundi hili la mwisho, kazi si suala la kupenda au kutopenda.

Swali la maana basi si kama mwanafunzi afanye kazi, bali ni kazi ya saa ngapi na ya namna gani. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu, kwa sababu huhesabu shilingi na kusahau saa.

Shahada ya kwanza nchini hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza. Saa hizo si za kukaa darasani pekee. Ndani yake zimo za maktaba, maabara, semina na kazi za kuandika. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, ambazo ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 30 za mihula miwili, kila wiki inadai saa 40. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anayesoma kama inavyotakiwa tayari ana kazi ya kutwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi. Mwanafunzi amepungukiwa na saa tano tu kukifikia, hata kabla hajaajiriwa na mtu.

Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa saba kila usiku unachukua 49, zinabaki 119. Masomo yakichukua 40, zinabaki 79. Mwanafunzi anayepanda daladala kwa siku sita, saa mbili kila siku kwenda na kurudi, hupoteza saa 12, na kwa foleni za Dar es Salaam makadirio hayo ni ya ukarimu. Zinabaki 67. Kupika, kufua, kula, kuoga na kusali huchukua walau saa tatu kwa siku, ambazo ni 21 kwa wiki. Mkononi zimebaki saa 46. Akifanya kazi kwa saa 20, atabaki na saa 26 za kupumzika, kuugua, kutembelewa na ndugu na kuandaa kazi ya kikundi. Akikubali ajira ya saa 45, anabaki na saa moja. Kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kuishi kwa saa moja, atakata mahali pengine, na mahali pepesi pa kukata ni usingizi na mihadhara.

Kikomo cha saa 20 hakikutoka hewani. Uingereza huwaruhusu wanafunzi wa shahada kutoka nje kufanya kazi kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani huweka kikomo hicho hicho kwa kazi za ndani ya chuo, na mwaka wa kwanza hairuhusu kazi za nje ya chuo. Kanada ilipandisha kikomo chake hadi saa 24 kwa wiki Novemba 2024, na Australia imeweka saa 48 kwa wiki mbili tangu Julai 2023. Ujerumani huhesabu kwa siku: tangu Machi 2024 ni siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Hayo ni masharti ya viza, na Mtanzania anayekwenda kusoma huko ayajue kabla hajapanda ndege, kwani anayezidisha saa anahatarisha kibali chake cha kukaa. Nyumbani, Sheria ya Ajira haikumwekea mwanafunzi wa chuo kikomo cha namna hiyo. Anajiwekea mwenyewe, au haweki.

Aina ya kazi nayo ina uzito wake. Twisheni ndiyo inayosifiwa zaidi, na kwa haki. Anayesomea ualimu wa hisabati akimfundisha mtoto wa kidato cha nne huko Mikocheni huwa anarudia misingi ya somo lake mwenyewe, hupanga saa pamoja na mzazi, na wakati wa mitihani ya chuo anaweza kuomba wiki mbili za mapumziko bila kufukuzwa. Upigaji picha na ushereheshaji wa harusi nao una nafuu, kwa kuwa huangukia Jumamosi. Wanaouza nguo za mitumba kwa wenzao hosteli, wakizifuata sokoni Karume alfajiri ya siku moja katika wiki, wamejitengenezea kazi inayowasubiri wao badala ya wao kuisubiri.

Uwakala wa fedha huonekana kazi nyepesi, ya kukaa kivulini na kitabu mapajani. Ukweli ni kwamba kitabu hicho hakisomwi. Wateja huja mfululizo, na jioni mizania isipolingana, upungufu hukatwa katika ujira wa aliyekaa kibandani. Muamala mmoja uliotumwa kwa namba isiyo sahihi unaweza kumeza malipo ya wiki nzima. Mwanafunzi anayekubali kazi hii akubaliane na mwenye kibanda, kwa maandishi, nani atabeba hasara ya namna gani.

Bodaboda ina mtego mwingine. Kijana asiye na pikipiki yake huchukua chombo cha mtu kwa makubaliano ya “hesabu”, yaani kiasi maalumu anachopaswa kumkabidhi mwenye chombo kila siku, iwe mvua au jua, awe amepata abiria au hakupata. Kinachozidi ndicho chake. Kwa utaratibu huo kila saa ya mhadhara inageuka kuwa saa ya hasara, na siku ya jaribio mwanafunzi hujikuta akipima alama za jaribio dhidi ya “hesabu” ya jioni. Mara nyingi “hesabu” hushinda, kwa sababu mwenye chombo hupiga simu siku hiyo hiyo, ilhali matokeo ya chuo hutoka baada ya miezi.

Ikumbukwe kuwa vyuo vingi hutoa alama 40 kati ya 100 kwa kazi za muhula, ambazo ni majaribio, semina na maandiko, na 60 kwa mtihani wa mwisho. Anayefanya kazi za usiku huanza kupoteza katika zile 40, kidogo kidogo, bila kelele. Huingia mtihani wa mwisho akihitaji alama nyingi kuliko mwenzake ili afaulu. Akishindwa hurudia mtihani, ambao wanafunzi huuita “sapu”, na marudio hayo huangukia kipindi cha likizo ambacho angeweza kufanya kazi kwa kutwa bila kudaiwa na mhadhara wowote. Yaani kazi ya muhula humnyang'anya kazi ya likizo. Akishindwa zaidi ya hapo, jina lake huondolewa chuoni, na kwa lugha ya hosteli amekwisha “kudisko”.

Wale wanaoajiriwa rasmi, kwa mfano katika supaduka, hoteli au kampuni ya ulinzi, wanapaswa kufahamu kuwa kufanya kazi kwa saa chache hakumwondolei mtu haki. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi, saa, mahali na ujira. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kipato kisichozidi Sh 270,000 kwa mwezi hakikatwi kodi ya mapato, kwa kiwango kilichowekwa mwaka wa fedha 2020/21, hivyo anayekatwa “kodi” katika ujira wa Sh 150,000 ana haki ya kuuliza inakwenda wapi.

Upungufu wa sheria hiyo kwa mwanafunzi ni kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita, na wanafunzi wengi hawafiki huko kwa kuwa muhula huwahamisha. Ujira ambao haukulipwa ni suala jingine. Huo unaweza kudaiwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 tu. Vijana wengi hufika hapo wakiwa wamechelewa, baada ya kuambiwa “njoo Ijumaa” kwa Ijumaa nane. Kwa wasichana ipo hatari nyingine inayosemwa kwa kunong'ona: bosi anayedai ngono ili atoe kazi au zamu nzuri. Hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na halihitaji kusubiri mkataba wa ajira ndipo liripotiwe.

Yapo mazingira ambayo kazi inakuwa nzito kiasi kwamba masomo ya kutwa hayawezekani tena, hasa mzazi anapofariki na wadogo wakabaki mikononi mwa aliye chuoni. Hapo njia ni mbili za wazi. Ya kwanza ni kuahirisha masomo kwa kibali cha chuo, kwa barua, kabla ya mitihani. Ya pili ni kuhamia mfumo uliobuniwa kwa ajili ya watu wenye kazi, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kipo kwa kusudi hilo hasa.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo inayofuatwa zaidi kwa sababu haihitaji barua wala aibu ya kujieleza kwa mkuu wa idara, ni kutoonekana tu. Mwanafunzi hukosa wiki moja, kisha mbili, kisha mtihani. Chuo humhesabu kuwa ametoroka. Bodi ya Mikopo, kwa upande wake, haiulizi kama alihitimu: fedha aliyokwisha kupokea inabaki kuwa deni, na siku atakapopata ajira ya mshahara, makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yatamhusu sawa na mwenzake mwenye shahada.