Ugomvi wa Washington, Friji la Mulago

Haya, sogeeni. Wewe wa dirishani, weka simu chini. Leo hakuna sungura wala fisi. Nina kisa cha serikali iliyojifungia milango yenyewe.

Tarehe 1 Oktoba 2025 mwaka mpya wa fedha ulianza Marekani, na wabunge wa huko walikuwa hawajaelewana juu ya bajeti. Sheria yao ni kali: Bunge lisipoidhinisha, ofisi nyingi hazigusi hata senti. Ni kama nyumba ambayo baba na mama wamenuniana: unga umo stoo, ila ufunguo hautoki. Mamia ya maelfu ya watumishi wakarudishwa nyumbani bila mshahara. Siku 43! Rekodi ya zamani ilikuwa 35.

Mtasema, hayo ni ya kwao. Pandeni kilima cha Mulago, jijini Kampala, Uganda. Hapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wanachunguza Ukimwi, kifua kikuu na malaria, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha zao imetoka Marekani. Hapo hapo, mwishoni mwa miaka ya 1990, wao na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama mwenye uchungu, na dozi moja kwa kichanga, vinaokoa watoto wengi wasiambukizwe virusi vya Ukimwi.

Sasa sikilizeni vizuri. Ofisi ya Washington ikifungwa, ruzuku iliyokwisha kutolewa kwa kawaida haikauki siku hiyo hiyo. Kinachokwama ni kinachofuata. Maombi mapya hayasomwi, vikao vya kuyapima vinaahirishwa, na swali la dharura halijibiwi kwa sababu mwenye kulijibu yuko kwake. Lakini utafiti una kalenda yake. Mgonjwa aliyepangiwa kupimwa wiki ya nane, ukimpima wiki ya kumi na nne umepima kitu kingine. Damu iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri inataka umeme usiku na mchana, na umeme ukikatika jenereta inataka dizeli. Muuguzi wa mradi naye amepanga chumba mtaa wa Kalerwe, na mwenye nyumba wa Kalerwe hajui habari za Bunge la Marekani.

Je, Uganda inaweza kujifungia hivyo? Si kwa njia ile. Mwaka wetu wa fedha huanza 1 Julai, na Ibara ya 154 ya Katiba inamruhusu Rais kuidhinisha matumizi kwa hadi miezi minne Bunge likichelewa. Tena mwaka 2019 serikali ilianzisha mfuko wa utafiti pale Makerere, shilingi bilioni 30 kwa mwaka huo wa kwanza. Naupigia makofi, ingawa kwa chuo chenye njaa ya utafiti kama kile, ni kianzio tu.

Lakini kabla ya ofisi za Washington kufungwa, pigo zito zaidi lilikuwa limetangulia. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na miradi mingi ikaamriwa iache kazi palepale. Tarehe 30 ya mwezi huo huo, Ebola aina ya Sudan ikatangazwa Kampala. Muuguzi mmoja alikuwa amefia hospitali ya Mulago. Mngetegemea nini? Tarehe 3 Februari, siku nne tu, Makerere na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe wakaanza kujaribu chanjo.

Waliwezaje? Mlipuko wa Ebola wa 2022 uliwapita: chanjo za majaribio zilifika Desemba, ugonjwa ukiwa umekwisha kupoa. Hawakukunja mikeka. Mpango wa jaribio ukabaki tayari, na safari hii zaidi ya dozi 2,000 zilikuwa zimewekwa nchini mapema. Fedha za jaribio zilitoka Shirika la Afya Duniani, Kanada, Umoja wa Ulaya na wengineo. Na chanjo yenyewe, wajukuu zangu? Kuitengeneza kuligharimiwa kwa sehemu na serikali ile ile ya Marekani, miaka kadhaa kabla ya ugomvi.